Kifaa Namba Kumi na Mbili

Kanthalpota, Hugli
12 Machi 2001

Mpwa wangu Ketaki,

Kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote wa ghala la baridi, natangaza rasmi kwamba paka wa chumba cha mitambo amejifungua watoto wanne ndani ya boksi la kidhibiti ulichotufungia. Ni lile boksi ulilotukataza tusilitupe kwa sababu lina karatasi ya dhamana. Dhamana sasa imelaliwa. Bwana Samanta meneja alikuja kukagua mwenyewe, mikono nyuma kama waziri, akasema, "Angalau kitu kimoja walichotuletea watu wa kampuni kimezaa matunda."

Hatujambo. Mkaza mjomba wako Bindu anakusalimu. Goti linamsumbua ila ulimi uko imara. Mama yako alitutembelea Jumapili na samaki wa bwawani, mkubwa, magamba yanang'aa, na Bindu akampika kwa haradali mpaka mchuzi ukawa wa njano iliyokolea. Nilikula nikashukuru. Kaka yako bado anatafuta mchumba, au mchumba bado anamkimbia, inategemea unamuuliza nani.

Sasa ya maana. Unajua msimu wa kupakia viazi ulivyo. Matrekta yamejipanga kutoka getini mpaka kwa kinyozi ng'ambo ya barabara, wakulima wanatukanana kwa upendo, wachukuzi wanapandisha magunia, na katikati ya yote hayo king'ora chako kikalia. Ketaki, sijawahi kusikia kitu kama kile. Magunia yalitupwa ngazini. Mkulima mmoja aliruka bwawani na mwavuli wake ukiwa umefunguliwa. Mimi nilijikuta nje nimeshika spana, sikumbuki nilipitaje mlangoni. Ulikuwa bado mdogo walipomtoa marehemu Jotin, mwenzangu wa kazi, mle ndani, uso umefunikwa na gunia. Mimi ndiye niliyeshika miguu. Amonia, ile gesi ya kupoza ghala, ikitoka haikupi nafasi ya kuaga.

Lakini haikuwa amonia. Panya alitafuna ule waya wako wa zambarau.

Nikamweleza Bwana Samanta kama ulivyonieleza mimi tulipokuwa tunauvuta pamoja majira ya baridi, ghala likiwa tupu. Nikamwambia waya ni mmoja, vifaa vyote vimejishika humo, kila kimoja kina namba yake, na kazi ya kidhibiti ni kuita majina kutwa nzima kama mwalimu darasani. Saba, upo? Nipo. Unaona nini? Sioni kitu. Nane, upo? Na asiyeitika anahesabiwa amekufa, king'ora kinalia. Saba, kile kihisi cha gesi cha chumba cha mitambo, hakikuitika kwa sababu panya alishakula koo lake.

"Kwa hiyo mashine imepiga kelele kwa sababu haijui," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Mke wangu naye hufanya hivyo. Sikumnunua kwa lengo hilo." Halafu akanigeukia. "Nibaran, miaka yote hii ghala limelindwa na pua yako. Pua yako iliwahi kumrusha mkulima bwawani?"

Anaandika kwa bosi wako. Anataka king'ora kisilie mpaka kwanza mimi niende kunusa na kuthibitisha. Wewe waambie haiwezekani. Nyie wataalamu mna maneno yenu, tafuta moja refu. Sababu zangu ni za kizee, hazina maana ya kuandikwa.

Mjomba wako,
Nibaran Dolui


Coimbatore
2 Aprili 2001

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na miguu yako naigusa kutoka huku mwisho wa nchi. Mimi mzima. Huku kiwanda ni cha nyuzi, joto lake halina adabu, na mwenye nyumba wangu ananilisha mikate ya mchele iliyochachuka asubuhi na jioni. Akiniona nimekonda anaongeza mingine ileile. Mwambie mama nakula. Mwambie mkaza mjomba goti alipake mafuta ya haradali ya moto, asidanganywe na yule mganga wa stesheni.

Barua ya Bwana Samanta ilifika kabla ya yako. Bosi aliisoma akacheka, akaniita, akasema mteja akitaka pua apewe pua. Ningeweza kusema haiwezekani, mjomba, lakini ungekuwa uongo, na bosi angeujua. Inawezekana kabisa. Nimeiandika upya programu, imo ndani ya kadi ndogo niliyoifunga kwa kitambaa humu. Zima umeme wa paneli, vuta kadi ya zamani pole pole, ingiza hii, washa, usubiri mpaka taa ya kijani iache kupepesa. Kisanduku cha vitufe kitakuja kwa treni. Fundi Ashraf akifunge karibu na mlango wa chumba cha mitambo, akiunge kwenye waya wa zambarau. Zile swichi mbili ndogo za mviringo ubavuni, izungushe ya kwanza kwenye moja, ya pili kwenye mbili. Hiyo ndiyo namba yake, kumi na mbili. Kifaa kingine kisiwe na namba hiyo, maana kidhibiti kikiita jina moja wakaitika wawili, kinachanganyikiwa na kuwaamini wote.

Itakuwa hivi. Kihisi saba kikiona gesi, taa ya njano itawaka. Wewe utaingia kunusa. Ikiwa kweli, unabonyeza kitufe chekundu, king'ora kinalia. Ikiwa si kweli, unabonyeza cha kijani, taa inazima. Niliomba kwamba usipobonyeza chochote kwa muda, king'ora kilie chenyewe. Bwana Samanta alikataa. Bosi akasema mteja ni mteja. Hilo silipendi, lakini nikikumbuka kwamba aliyesimama pale ni wewe, napata usingizi. Wewe uliyekuwa ukiingia kwetu ukasema, "Jirani wa tatu anaunguza dengu," na kweli anaunguza.

Kwa hiyo hongera, mjomba. Pua yako sasa ina anwani. Wewe ni kifaa namba kumi na mbili.

Wasalimie paka wote.

Mpwa wako,
Ketaki


Kanthalpota
20 Mei 2001

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Viazi vilinishika, halafu joto, halafu uvivu wa kawaida. Sisi wazima. Bindu alipaka haradali, goti sasa linamuuma likiwa la moto badala ya baridi, anasema ni maendeleo. Juzi amenigombeza kwa jambo dogo: nilikunywa maziwa yaliyokuwa jikoni, kumbe yalikuwa yameharibika tangu jana yake. "Ulimezaje?" ananiuliza. Nikamwambia nilikuwa na kiu. Ananiangalia sana siku hizi. Watoto wa paka wamekua, wanawinda panya, kwa hiyo waya wako uko salama kuliko mimi.

Kadi niliiweka kama ulivyosema. Ashraf alifunga vitufe, akazungusha zile swichi, akakaa pembeni akisoma dua kidogo. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Kaka, wewe una miungu ya mitambo, mimi sina. Lazima niombe kwa yule mmoja kwa jumla."

Taa ya njano imewaka mara kadhaa. Nimeshughulika nayo. Mara moja ilikuwa ni ubani wa jioni tu, ule mlinzi anaozungusha mbele ya picha ya mungu. Kihisi chako hakipendi moshi. Mara nyingine sijui ilikuwa nini. Nilibonyeza kijani. Taa ikizima huwa naendelea kuiangalia.

Ashraf ana swali la kitaalamu, ameniomba nikuulize. Anasema: kifaa saba kikifa, kidhibiti kinajua kwa sababu hakiitiki. Je, kifaa namba kumi na mbili kikifa, kidhibiti kitajua? Anauliza tu. Unamjua Ashraf, akikaa bure anawaza.

Usimpigie simu Bwana Samanta kuhusu swali hili. Wala usipige kwenye kibanda cha simu cha Bhombol. Yule akipokea simu anarudia kila neno kwa sauti ili wateja wasipitwe. Mwezi uliopita soko zima lilijua shemeji wa mwalimu ana bawasiri. Andika.

Nibaran


Coimbatore
9 Juni 2001

Mjomba,

Shikamoo. Huku mvua imeshaanza kunukia, mwenye nyumba anasema wiki hii. Nimehama chumba, sasa nina dirisha. Mama ameniandikia kwamba kaka amepata mchumba wa Bardhaman, halafu mstari wa chini akaandika hajapata. Nimeamua kungoja barua inayofuata.

Mwambie Ashraf hivi. Kisanduku cha vitufe kikikatika waya, kidhibiti kitajua mara moja. Lakini kisanduku kikiwa kizima na kinaitika, kidhibiti hakina namna ya kujua ni nani amesimama mbele yake, wala kama anaona, anasikia au amelala. Kitaita "Kumi na mbili, upo?" na kisanduku kitajibu "Nipo." Kwa kidhibiti hiyo inatosha. Kitaamini kitufe chochote kitakachobonyezwa.

Nilipomaliza kuandika hayo nilikaa nikaangalia karatasi. Kwa nini Ashraf aulize jambo hilo? Kuna nini, mjomba?

Nimerudia kusoma barua zako zote mbili. Samaki uliniambia magamba yanavyong'aa na mchuzi ulivyokuwa wa njano. Wewe wa zamani ungeniambia haradali ilivyopanda puani mpaka ukalia. Mvua ikianza kunyesha huko, niandikie jinsi udongo unavyonukia. Hilo tu. Mistari miwili.

Ketaki


Kanthalpota
24 Septemba 2001

Mpwa wangu Ketaki,

Najua nimekaa kimya. Mvua zilikuja, zikajaa, zikapita. Udongo ulikuwa mwekundu na umelowa vizuri.

Habari za nyumbani: mchumba wa Bardhaman amepatikana kwa mara ya tatu. Mama yako ameshona blauzi, kwa hiyo safari hii ni kweli. Bindu anakusalimu, amenizuia kuingia jikoni.

Na kwa huzuni rasmi natangaza kwamba paka ametuhama. Alikuwa amezaa mzao wa pili, palepale kwenye boksi la dhamana, chini nyuma ya tangi la amonia, ambapo pana joto la kompresa. Juzi tukamwona anawabeba watoto mmoja mmoja kwa shingo, anavuka barabara mbele ya matrekta, anawaingiza kwa kinyozi. Watano wote. Kinyozi anajisifu kwamba paka wake ameacha kazi ya serikali kuja sekta binafsi. Inauma, ukizingatia samaki niliomlisha.

Sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi na mitambo, ilikuwa nzuri sana mwaka huu. Ungeona tiara zilivyojaa angani. Tuliosha kompresa zote, tukazipaka alama nyekundu, tukazivika taji za maua. Hata kidhibiti chako kilipata taji na kitone chekundu kwenye mlango wa paneli, kikaonekana kama bwana harusi aliyelazimishwa. Spana zote zikawekwa chini, hakuna aliyegusa chombo siku nzima. Shida ilikuwa moja. Kuhani alikuja na chetezo kikubwa, maganda ya nazi na utomvu, moshi ambao huoni mkono wako. Bwana Samanta akasema, "Kile kidude kitawasha taa ya njano mbele ya mungu na mbele ya mwenye ghala. Kifungeni mdomo." Basi kihisi saba kikavikwa mfuko wa nailoni, na kuhani alipokuwa anafunga uzi wa baraka kwenye kila mtambo, akakifunga na chenyewe, juu ya nailoni, mara tatu, na taji juu yake.

Unajua uzi ule haukatwi. Unakaa mpaka uoze wenyewe au mpaka sikukuu nyingine. Ashraf alisema, "Kaka, hicho kidude kitapumulia wapi?" Bwana Samanta akamwambia, "Wewe Ashraf siku ya Idi tunakupangia mambo?" Yakaisha.

Na tangu siku hiyo, Ketaki, amani. Taa ya njano haijawaka hata mara moja. Nikipita kwenye kioo cha paneli naona kifaa saba: sifuri. Asubuhi sifuri, mchana sifuri, jioni sifuri. Sijalala hivi tangu Aprili. Macho tu yananitoka machozi nikiwa kazini, ni uzee, au ni vitunguu wanavyomenya wachukuzi nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo usihangaike na maswali ya Ashraf. Ameshayasahau.

Nibaran


SIMU YA MAANDISHI
Coimbatore, 3 Oktoba

NIBARAN DOLUI GHALA LA BARIDI KANTHALPOTA
FUNGUA NAILONI LEO. USIINGIE PEKE YAKO. TOA WATU. BARUA INAFUATA. KETAKI


Coimbatore
3 Oktoba 2001

Mjomba,

Shikamoo, nisamehe sina salamu nyingine.

Barua yako imenifikia leo saa ya chakula. Nimepiga simu ghalani, laini imekufa. Nimepiga kwa Bhombol, hata kama soko zima lingesikia, na yeye laini imekufa. Opereta anasema mvua imeangusha nguzo. Nimetuma simu ya maandishi. Yule karani aliniuliza nailoni ni ya nini, nikamwambia aandike tu.

Sikiliza. Kihisi kizima hakikai kwenye sifuri. Kinatikisika: moja, mbili, sifuri, moja, kama mtu anayepumua usingizini. Kinachosema sifuri asubuhi, mchana na jioni kimefungwa pua. Waya ni mzima, kidhibiti ni kizima, kinaita saba na saba anajibu kwa adabu, "Sioni kitu," kwa sababu amefunikwa uso. Hakuna kosa lolote ambalo programu yangu inaweza kuliona. Niliipanga iogope ukimya. Sikuipanga iogope utulivu.

Paka hakwenda kwa kinyozi kutafuta kazi. Amonia ikivuja ikiwa baridi hutambaa chini kwanza, na boksi liko chini, nyuma ya tangi. Mama mwenye watoto wachanga habebi watano kuvuka barabara ya matrekta kwa starehe. Na macho yako, mjomba. Wachukuzi Septemba hawamenyi vitunguu nyuma ya ukuta, wanatoa viazi.

Sasa naandika lile ambalo hukutaka niliandike. Wewe hunusi. Sijui tangu lini. Ulikunywa maziwa yaliyoharibika. Uliniambia udongo ni mwekundu. Swali la Ashraf lilikuwa lako. Na mimi ndiye niliyekuweka kwenye waya, nikakupa namba, nikakupongeza.

Ulikuwa unabonyeza kijani bila kujua, sivyo? Kila mara taa ilipowaka ulikuwa unaingia mle ndani unasimama hujui. Halafu mfuko ukaja, taa ikanyamaza, ukapata usingizi.

Sikulaumu. Naogopa tu. Toa mfuko. Nijibu neno moja.

Ketaki


Coimbatore
19 Oktoba 2001

Mjomba,

Sijapata jibu. Posta ya huku wanasema watu wote wa huko Bengal wako kwenye maandalizi ya sikukuu ya Durga na hakuna barua itakayotembea mpaka sanamu ya mungu izamishwe mtoni. Laini bado imekufa. Mama yuko Bardhaman na blauzi yake, hajui kitu. Nimeomba ruhusa, bosi amesema kiwanda hiki kikishawashwa.

Kila usiku nakisikia kidhibiti kinaita majina. Saba anaitika. Nane anaitika. Kikifika kumi na mbili, naamka.

Hata kama umenikasirikia, andika.

Ketaki


Kanthalpota
6 Novemba 2001

Mpwa wangu Ketaki,

Nipo.

Nimechelewa kwa sababu macho yangu yalikuwa yamefungwa bandeji, na Bindu aliyetakiwa kuniandikia alisema hataandika uongo wangu kwa mwandiko wake. Yameshafunguliwa. La kulia linaona vizuri, la kushoto linaona kwa hiari yake. Mama yako amerudi, harusi ni Januari, utakuja, hakuna cha kiwanda. Goti la Bindu limepona lenyewe, mganga wa stesheni anadai ni yeye.

Simu yako ya maandishi ilifika. Yule mjumbe aliisoma kwa sauti getini, kama kawaida yao: "Fungua nailoni leo!" Wachukuzi wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema, "Mzee Nibaran, mkeo anakukumbusha kwa simu?" Mimi nilicheka nao. Halafu nikaisoma mwenyewe, nikasimama na ile karatasi muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Hutaki nikuandikie niliwaza nini. Niliwaza kwamba nikiufungua ule mfuko, taa itawaka, na taa ikiwaka nitaitwa.

Ndani ya chumba cha mitambo alikuwemo Ashraf peke yake, nyuma ya tangi, anakaza bolti na kuimba. Anaimba vibaya, nikafuata sauti. Macho yakaanza kuchoma kabla sijafika. Nikatoa koleo, nikamwomba radhi mwenye sikukuu, nikaukata uzi. Niliuogopa uzi zaidi kuliko gesi, nisikudanganye. Taji likaanguka, nailoni ikatoka. Nilipofika kwenye vitufe taa ilikuwa tayari ya njano.

Basi nikasimama pale. Nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikavuta tena, ndefu, kama unavyovuta harufu ya pilau. Ketaki, ilikuwa kama kunusa ukuta. Kwa pua yangu chumba kile kilikuwa safi kuliko hekalu. Miezi yote ile nilikuwa nabonyeza kijani kwa sababu hiyo: nilinusa, sikuona kitu, nikasema hakuna. Sikusema uongo hata mara moja. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Nikabonyeza chekundu.

King'ora kikalia. Ashraf akatoka anatukana, bolti mkononi. "Kaka, panya tena?"

"Toka nje."

"Niambie kwanza ni panya au si panya, nimeacha spana yangu juu ya tangi."

"Ashraf, nakuomba, toka. Spana nitakununulia."

"Ile ni ya marehemu baba," akasema, akageuka kurudi, nami nikamshika shati kwa nyuma. Tukawa tunavutana pale mlangoni, watu wazima wawili, shati linachanika. Ndipo kifungio cha vali juu ya tangi kikatema. Wingu jeupe lilishuka palepale alipokuwa amesimama akiimba. Hata sauti ya gesi haikuwa kubwa. Kama mtu anayekunyamazisha kwa kidole mdomoni.

Yeye alikimbia. Mimi niliweka kitambaa cha maji usoni nikafunga ile vali kuu iliyo karibu na mlango, na hapo ndipo macho yalipokwenda. Waliokuwa ngazini na magunia walikuwa wameshatoka, maana king'ora kiliwafikia kabla ya gesi. Safari hii hakuna aliyeruka bwawani. Baadaye Ashraf alipita na kijiti cha salfa kinachowaka, anakizungusha kwenye kila kiungio. Pale palipotoka moshi mweupe ndipo palipovuja. Kulikuwa na ufa wa nywele kwenye kifungio. Anasema umevuja kidogo kidogo tangu mwisho wa mvua, chini chini, ukishuka nyuma ya tangi, kwenye boksi la dhamana.

Nilipokuwa hospitali walikuja Bwana Samanta na Ashraf na boksi la peremende za maziwa. Macho yangu yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo ilikuwa rahisi kusema. Nikasema, "Bwana Samanta, mimi sinusi. Ni zaidi ya mwaka. Mniweke getini au mniache nyumbani, lakini kwenye ule waya nitoeni."

Nikasikia mtu anafungua karatasi ya peremende.

"Hata kidogo?" akauliza Bwana Samanta.

"Hata kidogo."

"Mungu wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa ghafla. "Yangu ilikufa zamani, tangu nikiwa karani kule chini. Kwa nini unadhani nilitaka yako? Nilijua ya Ashraf nayo imekufa."

"Ya kwangu imekufa kabla ya yenu," akasema Ashraf, mdomo umejaa. "Kwani nani ananusa mle ndani? Mlinzi? Mlinzi anavuta sigara za bidi."

Hakuna aliyecheka, Ketaki, hata Ashraf. Nilimsikia Bwana Samanta anavuta pumzi puani, polepole, akijaribu.

Tuma kadi nyingine. Saba kikiona gesi, king'ora kilie, asiulizwe mtu. Bwana Samanta ameshasaini barua, imo humu. Mwaka ujao sikukuu ikifika, kuhani atafunga uzi kwenye mguu wa paneli, wameshakubaliana. Kumi na mbili kifute. Ashraf ataondoa kisanduku, na zile swichi atazirudisha kwenye sifuri kama unavyopenda.

Kifungio ni kipya. Viazi vyote vimeshatoka, ghala ni tupu, wiki ijayo tunazima kompresa mpaka Februari. Kifaa saba sasa kinaonyesha moja, mbili, sifuri, moja. Nakiangalia kila nikipita.

Paka bado yuko kwa kinyozi.

Mjomba wako,
Nibaran